Kutumiana mafaili na watu wa nje bila kuvuruga tarehe na saa zake

Wakuu habari. Hii ni kwa yeyote aliye Arusha au Moshi anayetumiana mafaili na watu walio nje, na huku kwetu hao ni wengi kweli, ofisi za utalii zinatuma picha na ratiba kwa wateja wa Marekani na Ujerumani, watu wa miradi wanatuma ripoti London, watafiti wanatumiana data na wenzao wa vyuo vya nje, vijana wanaedit video za watu waliopanda Kilimanjaro. Faili umelisevu leo saa nane mchana, mwenzako New York akilifungua linamwonyesha saa moja asubuhi, au linamwonyesha muda ambao bado haujafika, au mbaya kuliko yote programu ya bakapu inaamua kwamba faili la zamani ndio jipya na inaliweka juu ya lile ambalo mtu ameshinda akilifanyia kazi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya niandike kwa urefu, maana kazi ya mtu inapotea na hakuna meseji yoyote inayotokea kusema kuna tatizo.

Kabla ya kamandi yoyote shika hili: si kila chombo kinatunza muda kwa namna moja. Kuna vinavyotunza muda kwa UTC, ile tuliyozoea kuiita GMT, halafu kompyuta inapiga hesabu yenyewe na kukuonyesha saa za hapo ulipo. Na kuna vinavyotunza tu kwamba saa ilikuwa inasoma ngapi bila kusema ilikuwa inasoma hivyo wapi, ni kama mtu akwambie tukutane saa nane halafu hasemi ni saa nane ya Moshi au ya Chicago. Karibu matatizo yote ya muda wa mafaili yanazaliwa pale faili linapohama kutoka chombo cha aina moja kwenda cha aina nyingine.

Kila diski au flashi ina mtindo wake wa kupanga mafaili, na majina kama NTFS, ext4, APFS na FAT32 ni ya mitindo hiyo. Diski ya Windows ikiwa NTFS inahesabu kwa UTC, tena kuanzia tarehe 1 Januari 1601. Linux kwenye ext4 nayo ni UTC, inahesabu kuanzia 1 Januari 1970, na Mac za sasa zenye APFS zinaanzia mwaka huo huo wa 1970. Sisi tuko UTC+3 mwaka mzima, hatubadilishi saa, kwa hiyo faili lililoseviwa Moshi saa 14:00 kwenye diski limeandikwa 11:00 UTC. Likifika Berlin mwezi wa saba litasoma 13:00, New York litasoma 07:00, Los Angeles 04:00, na zote hizo ni sahihi kabisa. Hapo hakuna kilichoharibika, usiguse kitu, mweleze tu mwenzako.

Upande wa pili kuna FAT32, ambayo iko kwenye flashi nyingi ndogo na memori kadi za mpaka 32GB, na kuna faili la zip la kawaida. Hivi vinaandika saa inavyosoma basi. Faili la 14:00 ya Moshi likiwa kwenye flashi ya FAT32 litasoma 14:00 Los Angeles pia, na kompyuta ya kule itaamini ni 14:00 ya kwao, ambayo majira yao ya joto ni 21:00 UTC. Yaani faili limesogezwa mbele masaa 10 na hakuna mtu aliyeligusa.

Sasa ona linavyouma. Umemwandalia mteja wa Los Angeles ratiba ya safari mwezi wa saba, umeisevu 14:00 ya huku, umemtumia kwa barua pepe na kopi nyingine umeiweka kwenye flashi pamoja na picha, rafiki yake anasafiri nayo. Mteja anafungua ile ya barua pepe siku hiyo hiyo, anarekebisha majina na tarehe, anasevu saa mbili asubuhi ya kwao, 08:00, ambayo huku ni 18:00, yaani masaa manne baada yako wewe. Flashi inafika, anachomeka, anaambia programu yake ichukue mafaili mapya tu. Programu inaangalia: la kwenye flashi ni 14:00, la kwake ni 08:00, tarehe ni moja. La flashi linaonekana jipya zaidi, linakaa juu ya la kwake, marekebisho yote yamekwenda. Na ikiwa flashi inatoka kule inakuja huku mambo yanageuka, mafaili yao yataonekana ya zamani masaa 10 kuliko ukweli, kwa hiyo programu itayaruka na wewe utabaki na toleo la zamani ukidhani umepokea jipya.

Kuna exFAT pia, ndiyo iko kwenye memori kadi za 64GB na kuendelea. Hiyo ina nafasi ya kuandika tofauti na UTC pembeni ya saa, ni afadhali, ila si kila kamera au kifaa kinaijaza hiyo nafasi, kwa hiyo jaribu na faili moja kwanza kabla hujaiamini.

Haya tuanze kazi, na tunaanza na mashine yako mwenyewe maana hapa ndipo naona watu wengi wanaanguka. Windows ya Kiingereza cha Marekani ikiwekwa na mtu asiyechagua kitu inakuja na taimu zoni ya Pacific, ile ya California. Fundi amekuwekea Windows, umewasha, saa haisomi sawa, basi unazima ile ya kujiseti yenyewe kisha unaizungusha kwa mkono mpaka ifanane na ya simu, unaendelea na maisha. Saa inasoma vizuri lakini kompyuta bado inaamini iko California, kwa hiyo kila faili unalosevu saa nane mchana mwezi wa saba inaliandika 21:00 UTC badala ya 11:00 UTC. Mpelekee jirani yako wa mtaa huo huo ambaye mashine yake iko sawa, kwa njia inayotunza UTC, atasoma saa sita usiku ya kuamkia kesho. Na Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu laptopu itajirusha saa moja mbele yenyewe kwa sababu California wamebadilisha saa zao. Ukiona laptopu yako inafanya hivyo, ujue ndio hii.

Kwenye Windows fungua ile dirisha jeusi la kamandi uandike:

tzutil /g

Ikijibu E. Africa Standard Time uko salama. Ikijibu kingine andika:

tzutil /s "E. Africa Standard Time"

Ukitaka kupitia mipangilio, usihangaike kutafuta Dar es Salaam kwenye orodha, chagua UTC+03:00 Nairobi, ndio yetu hiyo hiyo. Linux ni sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam. Ukishabadilisha zoni saa itaruka masaa 10 au 11, usishtuke na wala usiirudishe kwa mkono, washa ile ya kuchukua saa kwenye intaneti ijirekebishe. Taimu zoni kwanza, saa baadaye, ukigeuza mpangilio huo unajichanganya.

Kama kila ukiwasha kompyuta ya mezani inarudi mwaka wa nyuma, hiyo ni betri ndogo ya kwenye mazabodi imekufa, mara nyingi ni CR2032, badilisha. Na kama mashine moja ina Windows na Linux pamoja na ukitoka Linux kwenda Windows saa inakuwa nyuma masaa matatu kamili, sababu ni kwamba Linux inaiweka saa ya ndani ya mashine kwa UTC na Windows inaisoma kama saa za hapa. Njia fupi ni kuiambia Linux ifuate mtindo wa Windows, timedatectl set-local-rtc 1, itakupa onyo lakini kwa sisi tusiobadilisha saa haisumbui.

Sasa kusafirisha. Kama ni flashi au diski ya nje na pande zote mbili ni Windows, ifomati NTFS na mambo ya muda yameisha, ila kumbuka kufomati kunafuta kila kitu kilichomo. Mac inasoma NTFS ila yenyewe bila programu ya ziada haiandiki humo. Kama lazima iwe FAT32, usiweke mafaili wazi wazi, yafunge kwanza kwenye 7z au tar (mafaili ya kufungia mengine ndani kama zip, 7z ni ya programu ya 7-Zip) halafu ndio uweke, maana humo ndani muda unatunzwa kwa UTC na hata kama lile faili la nje litasoma saa za ajabu, ukifungua vya ndani vinatoka na muda wake sahihi. Windows 10 tangu 2018 inakuja na tar ndani yake, kwa hiyo:

tar -czf kazi.tar.gz Kazi

inatosha, bila kudownload kitu.

Zip ya kubonyeza kulia kwenye Windows naiepuka kwa mambo ya kuvuka nchi. Umbo lake la muda limetoka enzi za DOS, linaanzia 1980, linahesabu kwa kuruka sekunde mbili mbili, na linaandika saa za hapo ulipo bila zoni. Kuna programu zinazoongeza muda wa UTC pembeni, ile zip ya kwenye Linux inafanya hivyo na 7-Zip pia, lakini upande wa kufungulia nao uwe unausoma. Mkikubaliana 7z na mwenzako mmepumzika.

Hizo sekunde mbili pia zina vurugu yake ndogo. FAT32 nayo inaruka sekunde mbili mbili kwenye muda wa kubadilishwa, kwa hiyo faili la sekunde ya 37 linakuwa na sekunde nyingine kwenye flashi, na programu ya kulinganisha inaona kila faili limebadilika, inakopi upya gigabaiti zote kila siku. Kwenye robocopy (kamandi ya kukopi ya Windows) ongeza /FFT, kwenye rsync (kamandi ya kukopi inayotumika sana Linux) ongeza --modify-window=2, imeisha hiyo.

Ukipokea flashi ya FAT32 iliyoandikwa nje, kwa mfano na mgeni wa Los Angeles, kwenye Windows unaweza kuibadilisha taimu zoni ya laptopu kwa muda iwe ya Pacific, unakopi mafaili kwenda kwenye diski yako ya NTFS, halafu unarudisha Nairobi. Yatakaa na UTC sahihi. Kasoro ni kwamba Windows hapo inatumia tofauti ya siku unayokopi, kwa hiyo mafaili ya majira yao mengine yanaweza kutoka na kosa la saa moja. Kwenye Linux ni safi zaidi, unasema tofauti kwa dakika wakati wa kuichomeka:

sudo mount -o time_offset=-420 /dev/sdb1 /mnt

Hiyo 420 ni masaa saba, Los Angeles wakiwa majira ya joto, jina la flashi, yaani hiyo /dev/sdb1, badilisha kulingana na yako. Iliyoandikwa huku kwetu ingekuwa 180 bila alama ya kutoa.

Kwa mtandao, swali la kwanza ni kama njia uliyochagua inabeba muda au inaacha. scp, kamandi ya kukopi kwenda kompyuta nyingine kwa mtandao, bila -p inaacha, faili linachukua muda wa kufika, na cp ya Linux ni hivyo hivyo. rsync inabeba ukiweka -t au -a. FileZilla, programu ya kupandisha na kushusha mafaili kwenye seva za FTP, ina sehemu ya kuwasha kutunza muda wa mafaili kwenye menyu ya Transfer, na kwenye mipangilio ya seva husika kuna mahali pa kuweka tofauti ya masaa, kwa sababu seva nyingine za FTP zinataja muda wa mafaili kwa saa za kwao. Windows ukikopi kawaida, Date modified inabaki ya zamani ila Date created inakuwa ya sasa hivi, ndio maana unaona faili limezaliwa leo na limebadilishwa mwaka jana, si ugonjwa, angalia modified. Ukidownload kitu kwa brauza kwa kawaida linachukua muda wa kudownload. WhatsApp ukituma picha kama picha inafuta hata taarifa za ndani zilizosema ilipigwa lini, tuma kama dokumenti. Kwa hiyo kwa brauza na barua pepe ni ile ile, funga kwenye tar au 7z kwanza, bando halitaongezeka.

Na kabla ya kuruhusu programu yoyote ifute au iandike juu, iambie ikuonyeshe tu inachotaka kufanya. rsync ni -n, robocopy ni /L. Orodha ikionyesha mafaili yote yamebadilika wakati unajua umegusa matatu, au tofauti zote ni za masaa kamili, ni mambo ya taimu zoni, simama hapo hapo. Usitumie -u ya rsync wala /XO ya robocopy kwenye vitu vilivyopita kwenye FAT32 mpaka umehakikisha, hizo mbili zinaamua kwa kuangalia muda peke yake. Ukitaka uhakika rsync ina -c, inalinganisha yaliyomo badala ya muda, inachukua muda mrefu lakini haidanganyiki. Kwa faili moja moja, Windows ni certutil -hashfile ratiba.docx SHA256 na Linux ni sha256sum ratiba.docx, zinatoa namba ndefu inayotokana na yaliyomo, namba zikifanana faili ni lile lile hata kama saa zinapishana siku nzima.

Tofauti ya saa moja kamili ina sababu yake, wenzetu wanabadilisha saa. Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu na ya mwisho ya mwezi wa kumi, Marekani ni Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu na ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. London wako nyuma yetu masaa matatu baridi na mawili joto, New York manane na saba, na mwezi wa tatu kuna wiki ambapo Wamarekani wameshasogeza na Waingereza bado, kwa hiyo hesabu uliyoizoea haifai. robocopy ina /DST kwa ajili ya saa hiyo moja. Hata humu humu jirani usisahau, Arusha ndipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na mafaili yanakwenda Kigali na Bujumbura ambako ni UTC+2, saa moja nyuma yetu, ila wao kama sisi hawabadilishi.

Picha ni habari nyingine na kwa watu wa safari ndio muhimu zaidi. Ndani ya picha kuna muda wa kupigwa, na huo kwa miaka mingi umekuwa saa ya kamera tu bila zoni, nafasi ya kuandika zoni iliongezwa 2016 na kamera za zamani hazina. Mgeni wa Chicago hajabadilisha saa ya kamera yake, wewe yako iko saa za hapa, mmepiga simba yule yule Tarangire dakika moja, ukizipanga kwa muda zinapishana masaa manane mwezi wa saba. Dawa nzuri inaanza siku ya kwanza kabla gari halijaondoka: kila mwenye kamera apige picha ya skrini ya simu yako inayoonyesha saa. Basi, baadaye unaona kila kamera imepishana kiasi gani hadi dakika, huhitaji kumuuliza mtu. Kisha kwa exiftool, programu ya kusoma na kubadilisha taarifa za ndani ya picha, kwenye folda ya kamera ile ya Chicago:

exiftool -AllDates+=8 Chicago

Yenyewe inabakiza kopi za awali pembeni, ziache mpaka umehakiki. Ukitaka na muda wa faili ufuate muda wa kupigwa:

exiftool "-FileModifyDate<DateTimeOriginal" Chicago

hii ifanye laptopu ikiwa kwenye taimu zoni yetu na picha zimesharekebishwa kuwa saa za hapa, vinginevyo unaongeza kosa jingine juu yake.

Mkiandikiana kuhusu muda na mtu wa nje andika 14:00 UTC+3, hata kama mwenzako ofisini umemwambia saa nane. Na jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka mwezi siku, kama 2024-07-15_ratiba_v2, jina halibadilishwi na flashi wala zip.

Kurekebisha mafaili ambayo yameshaharibika kunawezekana kama unajua yamepotea masaa mangapi. Kwa yule wa laptopu ya Pacific, mafaili ya majira yao ya joto yametangulia masaa 10 na ya majira ya baridi masaa 11, kwa hiyo yatenganishe kwanza. Kwenye PowerShell, ukiwa ndani ya folda:

Get-ChildItem -Recurse -File | ForEach-Object { $_.LastWriteTime = $_.LastWriteTime.AddHours(-10) }

Kwenye Linux:

find . -type f -exec touch -r {} -d '-10 hours' {} \;

Iendeshe mara moja tu, ukiirudia inatoa masaa mengine 10. Na kabla hujaigusa hata moja, toa orodha ya muda ulivyo sasa, kwa UTC, uihifadhi:

Get-ChildItem -Recurse -File | Select-Object FullName, LastWriteTimeUtc | Export-Csv orodha.csv

Orodha hiyo hiyo mpe na mwenzako unapotuma mzigo mkubwa, akifungua kule ailinganishe. Kama mafaili ni ya ukaguzi wa hesabu, ya kesi, au data za utafiti ambazo mtu atakuja kuuliza ziliingizwa lini, usiyarekebishe kabisa yale ya asili hata kama saa zake ni za ajabu, fanya kopi, rekebisha kopi, na andika kwenye faili dogo la maandishi umeongeza au umepunguza masaa mangapi, kwa kamandi ipi, na mashine ilikuwa kwenye taimu zoni gani wakati huo.